Dawa za Kusafishia Vizimba vya Mamba, Nyoka na Kobe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Garsen)



Wengine watauliza, watu wa reli wana habari gani na mamba, hali reli yenyewe haifiki Garsen? Jibu ni kwamba dawa ni zile zile. Sisi twasafisha vyoo vya mabehewa, na wenzetu wasafisha mazizi ya mamba na vizimba vya nyoka huko pwani. Vijana wa Tana wanaijua kazi hiyo. Mayai ya mamba wa mto huu yamewahi kuokotwa kingoni na kupelekwa katika mashamba ya mamba ya pwani, na mahali kama Mamba Village, Mombasa, na Bio-Ken, Watamu, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, hapakai safi pasipo mikono ya wafanya kazi.

Kwanza tuseme habari ya dawa mbaya, maana ndiyo inayopendwa. Dawa nyingi za choo, ile nyeusi na ile ya rangi ya kahawia, zina fenoli ndani yake. Dettol pia ni ya ukoo huo. Alama yake ni nyepesi: tia kidogo katika maji, yakigeuka meupe kama maziwa, usiipeleke kwa mnyama atambaaye. Kwa nini? Nyoka na kenge hunusa kwa ulimi, na ulimi huo hugusa sakafu mchana kutwa. Mamba na kobe hulala tumbo chini, na maji yaliyo chini ndiyo wanayokunywa. Fenoli hupenya ngozi, na mvuke wake hukaa katika kizimba kisicho na hewa. Harufu kali tunayoiita "harufu ya usafi" yaweza kumwua mnyama, na mwenye kizimba asijue ameuawa na nini.

Dawa ifaayo, tena ya bei ndogo, ni jiki, yaani maji ya klorini. Watu wa Garsen hawahitaji kufundishwa klorini. Baada ya mafuriko ya Novemba 2023 wengi walikuwa wakitia klorini katika maji ya kunywa. Kwa kizimba, chukua sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 30 za maji. Ndoo ya lita 10 yataka kama theluthi ya lita. Ikiwa mnyama ameugua au amekufa humo, tia lita 1 nzima katika ndoo hiyo. Changanya ya siku ile ile tu, maana ikilala hupoteza nguvu, na chupa iliyoachwa juani hubaki maji matupu. Milango ya chuma isuuzwe upesi. Chuma twakijua sisi, na klorini hukila.

Lakini jiki haifanyi kazi juu ya uchafu, na hapa ndipo watu wengi wapotezapo fedha yao. Mwondoe mnyama kwanza. Kwangua mavi, sugua kwa sabuni, suuza. Baada ya hapo mimina dawa na uiache dakika 10 kwa saa, si kwa kukisia. Suuza tena mpaka harufu iishe kabisa, kisha anika juani, na mnyama asirudishwe kabla pakavu. Ubao hunyonya dawa na uchafu pia, kwa hiyo sakafu ya saruji laini ni bora. Wako vijidudu wa tumbo, waitwao kriptosporidiamu, wasioogopa jiki hata kidogo. Hao dawa yao ni maji yachemkayo. Siki ni dhaifu, tusidanganyane. Klorheksidini, ambayo waganga wa mifugo huitumia, haina madhara mengi kwa mnyama, lakini sabuni iliyobaki huiharibu, basi suuza vema kabla.

Sasa tufike penye hatari ya mfanya kazi mwenyewe. Mamba hutoa amonia nyingi katika uchafu wake. Zizi lililofungwa usiku kucha huwasha macho asubuhi. Ukimwaga jiki juu ya amonia hiyo, hutoka hewa yenye sumu, nayo huingia kifuani. Ukichanganya jiki na asidi ya choo, hutoka klorini yenyewe, ambayo ni mbaya zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, ilitumika kuulia askari. Kwa hiyo maji kwanza, tena mengi, milango wazi, na dawa moja tu kwa wakati mmoja. Ukiambiwa changanya zote ili kazi iishe upesi, kataa, na uje kwa mjumbe wetu.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nguo za kujikinga kwa kazi zenye vitu vya kudhuru. Kwa kazi hii maana yake glovu za mpira, gambuti na miwani ya kukinga macho. Chupa iwe na jina la kilichomo. Dawa iliyotiwa katika chupa ya soda ni mtego, hasa kwa watoto.

Habari ya watoto haijaisha. Mnyama atambaaye aliye mzima kabisa aweza kubeba Salmonela tumboni. Marekani walikataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wasiofika kama sentimeta 10, kwa sababu watoto waliugua. Hapa Kenya sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga kobe nyumbani pasipo kibali, basi aliyemwokota shambani amwache aende zake. Mwenye kazi ya vizimba asiingie na gambuti jikoni, anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na bakuli la nyoka lisioshwe pamoja na sufuria.

Maji machafu yenye dawa yamwagwe shimoni, mbali na kisima, wala yasimwagwe mtoni, maana chini ya zizi wako watu wanaoteka.

Mwenye swali ainue mkono.