Mahali Kuku Wanapopenda Kuoga Vumbi
(Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Songea)



Kijarida hiki ni cha habari za mimea, na leo mtanisikia nikisema habari za kuku. Msistaajabu. Mtu hutayarisha kitalu cha tumbaku au tuta la vitunguu, akaupondaponda udongo mpaka ukawa laini kama unga. Huenda nyumbani kula, na akirejea hukuta mashimo ya mviringo na manyoya yametawanyika. Hapo huwalaani kuku. Lakini kuku hakuja kuharibu, alikuja kuoga. Nia yangu ni kuwaonyesha mahali anapopachagua na sababu zake, ili ninyi mumpe pake, naye awaachie penu.

Kwa nini kuku huoga vumbi?

Juu ya mkia wa kuku kuna tezi yenye mafuta. Huyachukua kwa mdomo na kuyapaka katika manyoya. Mafuta yakikaa sana na kuzidi, manyoya hushikamana. Vumbi kavu huyanyonya, na kuku akijikung'uta, uchafu huanguka pamoja na vumbi. Tena vumbi huwasumbua chawa na utitiri wa mwilini, nao hupungua.

Kuku mwenye nafasi huoga takriban mara moja kila siku mbili, karibu nusu saa, na mara nyingi ni mchana jua likiwa juu. Hata kifaranga asiye na mama huanza mwenyewe bila kufundishwa. Desturi hii imetoka kwa kuku mwitu wa misitu ya Asia, ambao ndio asili ya kuku wetu. Basi haiondoki kwa kumpiga mawe. Ukimfukuza hapa, ataoga kule. Na ukimwona amelala ubavu, amenyoosha mguu na bawa huku akijirushia vumbi, usidhani ni mgonjwa. Huyo ana raha.

Huchagua mahali gani?

Kwanza, mahali pakavu penye udongo laini usio na mawe wala nyasi. Udongo uliokanyagwa ukawa mgumu haumfai.

Pili, mahali penye jua na joto, lakini kivuli kiwe karibu.

Tatu, mahali penye kinga. Akiwa amelala hivyo hawezi kukimbia upesi, na mwewe na nguchiro wako. Kwa hiyo hupenda kando ya kichaka, chini ya kihenge, au ukutani.

Nne, mahali ambapo wenzake huoga. Mmoja akianza, wengine humfuata, na shimo la jana huwa ndilo la leo.

Sasa linganisheni mambo hayo na bustani zenu. Tuta jipya lina udongo laini. Kitalu kilichochomewa matawi kina majivu juu yake. Shina la mgomba au mche mchanga wa kahawa lina kivuli na udongo uliolimwa. Sisi wenyewe tumemwandalia kuku birika la kuogea bila kujua.

Hatari ya masika

Tangu Mei hadi Oktoba vumbi liko kila mahali hapa Songea, na kuku hatafuti mbali. Shida huja mvua zianzapo, Novemba au Desemba, mpaka Aprili. Wakati huo sehemu kavu hubaki chini ya upenu wa nyumba na jikoni kwenye majivu. Kuku huchimba chini ya ukuta, na kama nyumba ni ya matofali mabichi, maji hutuama katika mashimo hayo na kuudhoofisha msingi. Wasiopata pa kuoga hukaa na wadudu wao. Mtetea anayeatamia ndiye hupata taabu zaidi. Yeye huondoka kiotani kwa muda mfupi tu ale, anywe na kuoga. Asipooga, wadudu hujaa kiotani, naye huweza kuyaacha mayai. Hapo umepoteza vifaranga vyote.

Namna ya kutengeneza mahali pa kuogea

Kwa siku tatu, kati ya saa tano na saa nane mchana, tazameni kuku wenu huoga wapi. Chagueni mahali karibu na hapo, palipoinuka, pasipopitiwa na maji. Msipachague mnapopenda ninyi, maana hawatakuja.

Chimbeni shimo la mita moja kila upande, kina cha futi moja. Zungusheni matofali au magogo pembeni. Wekeni paa dogo la nyasi, kimo cha kiuno, upande mmoja uwe wazi ili jua liingie. Kisha jazeni udongo mkavu uliochekechwa au mchanga laini debe mbili, kwa majivu ya kuni debe moja, na endeleeni kwa kipimo hicho mpaka shimo likaribie kujaa. Majivu yawe yamepoa kabisa, yasiwe na misumari wala makaa. Yasilowe, maana majivu mabichi huchoma ngozi. Wekeni akiba ya udongo mkavu ndani ya gunia kabla ya mvua.

Kila juma ondoeni kinyesi na kuchanganya upya. Vumbi likilowa, libadilisheni. Viroboto wa kuku huzaliana katika vumbi chafu, hivyo shimo lisilotunzwa huwa ghala la wadudu. Msitie humo dawa ya kuhifadhi mahindi wala dawa ya mimea. Kuku hudonoa anapooga, na ninyi hula mayai yake.

Na kitalu je? Kizungushieni matawi ya miba siku ileile mnapokitayarisha, wala msingoje kuku waone kwanza. Wakishazoea tuta, ni kazi kuwatoa.

Jambo la mwisho. Vumbi si dawa ya kila kitu. Uko utitiri unaojificha mchana katika nyufa za banda na kutoka usiku kunyonya damu. Huo hauondoki ila kwa kusafisha banda na kuziba nyufa. Na mdondo hauzuiliwi kwa vumbi, bali kwa chanjo. Kila mwezi funueni manyoya chini ya bawa na karibu na kinyeo. Mkiona mayai meupe ya chawa yameshikamana kwenye mashina ya manyoya, mwoneni mtaalamu wa mifugo awape dawa ya kuku.

Kazi hii ni ya asubuhi moja, na vifaa vyote viko nyumbani. Ifanyeni sasa kabla ya mvua. Mkifanya hivyo, vitunguu vitaota, ukuta utasimama, na mtetea ataangua.