Kumfundisha Mtoto Mdogo Kugawana na Wenzake

Mada kwa semina ya walezi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, Tanzania



1. Utangulizi

Watoto wawili wa miaka miwili wameshika gari moja la kopo. Kila mmoja anavuta kwake, wote wanalia. Mara nyingi mtu mzima humnyang'anya aliyelishika kwanza, akampa anayelia zaidi na kusema, "Acha uchoyo, mwachie mwenzako." Kelele hukoma, lakini aliyenyang'anywa hajajifunza kutoa. Amejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye kitu, na mwenzake amejifunza kwamba akilia atapewa.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasisitiza malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kumsoma mtoto na kumjibu kulingana na hali yake. Hoja yangu inatoka hapo: mtoto hujifunza kugawana anapotoa kwa mkono wake mwenyewe, na hutoa kwa urahisi zaidi akiwa na hakika kwamba haki yake haitapotea.

2. Umri na uwezo wa mtoto

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza jinsi watoto wa umri wa awali wanavyocheza. Wadogo zaidi hukaa karibu karibu, kila mmoja na mchezo wake; kushirikiana huongezeka kadiri wanavyokua. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayeng'ang'ania kitu chake tusimwite mchoyo. Jina hilo akilisikia kila siku atalizoea, naye ataliishi.

Hata hivyo, moyo wa kusaidia anao. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka. Kugawana ni kugumu zaidi. Mwaka 2009 Celia Brownell na wenzake waliona kwamba watoto wa miezi 25 walimgawia mtu mzima chakula pale aliposema wazi kuwa anakitaka, lakini wa miezi 18 hawakufanya hivyo. Hapo tunapata somo kwa kazi yetu: mtoto mdogo asaidiwe kuona haja ya mwenzake. Badala ya kuamuru "Mgawie!", mlezi aseme, "Mwenzako naye anataka kuchora, ila hana chaki." Kisha asubiri.

3. Mbinu za kituoni

*Zamu.* Kwenye bembea au baiskeli ya magurudumu matatu, zamu ipimwe kwa kitu ambacho mtoto anakielewa: wimbo ukiisha, au tukihesabu pamoja mpaka kumi. "Subiri kidogo" haina kipimo kwake. Mlezi akishaahidi zamu, aitimize. Ahadi ikivunjwa, mtoto hataachia tena.

*Vifaa.* Kwa walio chini ya miaka mitatu, afadhali makopo kumi yanayofanana kuliko mwanasesere mmoja mzuri. Mchanga, maji, vifuniko vya chupa na mipira ya matambara huwapa nafasi ya kucheza karibu bila kugombana. Mtoto akija na kitu anachokipenda sana kutoka nyumbani, asilazimishwe kukigawa. Kiwekwe pembeni mpaka wakati wa kuondoka.

*Kazi ya pamoja.* Utafiti wa Katharina Hamann na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa miaka mitatu waliopata zawadi kwa kuvuta kamba pamoja waligawana sawa zaidi kuliko waliozikuta tu. Basi wawili wabebe kikapu kimoja cha machungwa, wakifika wagawane.

*Sifa badala ya zawadi.* Mwaka 2008 Warneken na Tomasello waliona kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kwa kusaidia walipunguza kusaidia pale zawadi ilipokoma. Tusimpe pipi kwa kuwa amegawa. Tumwonyeshe matokeo ya tendo lake: "Umempa mpira, tazama anavyocheka."

4. Nafasi ya nyumbani

Kwanza, tuna desturi nzuri ya kumwambia mtoto, "Nami nigawie." Akinyoosha mkono wenye biskuti, wengi wetu hujibu, "Asante, kula tu mwanangu." Nashauri tumege kipande kidogo, tule, tushukuru. Tukikataa kila mara, ataona kutoa ni mchezo wa maneno, na siku tutakapopokea kweli atalia.

Pili, kauli ya "mwachie mdogo wako" itumike kwa haki. Mkubwa anayeachia kila siku hukusanya kinyongo, na mdogo hukua akidhani kila kitu ni chake. Wote wawili wawe na zamu.

5. Mapendekezo na hitimisho

Napendekeza kila kituo kiwe na kanuni moja ya zamu inayofuatwa na walezi wote. Wazazi waelezwe kanuni hiyo ili nyumbani na kituoni pasipingane. Na mlezi asinyang'anye ili kufundisha kugawana. Mafanikio tuyapime kwa kuangalia mtoto anafanya nini wakati mtu mzima hayupo karibu. Aliyefundishwa kwa haki atamgawia mwenzake hata asipoonwa na mtu.