Kishikwambi Kimsaidie Mtoto Kubuni, Si Kukariri

(Hotuba kwa walimu wa madarasa ya awali na watumishi wa Serikali, Igogo, Mwanza)



Nasema nanyi juu ya jambo ambalo limekwisha kuingia shuleni kabla hatujakaa kulijadili. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu wapewe walimu. Ugawaji ulianza Novemba mwaka ule ule, na vishikwambi zaidi ya laki mbili vikaelekezwa katika elimu. Kwa hiyo leo hatuulizani kama teknolojia ije au isije. Imekwisha kuja, nayo imo ndani ya mkoba wa mwalimu. Tunaulizana hivi: je, chombo hiki kitamsaidia mtoto wa miaka mitano kufikiri na kubuni, au kitakuwa ubao mwingine wa kumkaririshia?

Swali hili si geni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Humo aliikosoa elimu inayotukuza vitabu na mitihani, akataka shule zimjenge mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi na mwenye kujiamini. Mwaka huo huo, huko Marekani, mtaalamu wa hesabu Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na wenzake walianza kutengeneza LOGO, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Hoja ya Papert ilikuwa kwamba mtoto ndiye aiamuru mashine, wala si mashine imwamuru mtoto. Watu hao wawili walikuwa mbalimbali kwa kazi na kwa mazingira. Lakini wote walikataa kumwona mwanafunzi kuwa debe tupu linalongoja kujazwa.

Taifa letu limekwisha kupata funzo katika jambo hili. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Walikuwa wakubwa kidogo kuliko watoto wetu wa awali, na wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule. Mei 2019 washindani wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10, kwa kuwa watoto walipiga hatua katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo ni jambo kubwa, na hatuna budi kulitambua. Hata hivyo, shindano lile lilipima Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Halikupima uwezo wa mtoto kutunga jambo ambalo halikuwapo. Mashine iliuliza, mtoto akajibu. Kumfundisha mtoto kuuliza na kutunga kunabaki kuwa kazi ya mwalimu.

Ndugu zangu, mtoto wa Igogo haji shuleni mikono mitupu. Amekulia juu ya vilima vya mawe, ambako kupita kati ya nyumba na nyumba kwahitaji akili. Analiona Ziwa, mitumbwi na dagaa. Wapo watoto waliosikia nyundo za Bandari ya Mwanza Kusini, ambako meli ya MV Mwanza ilishushwa majini Februari 2023. Nyumbani anaunda gari kwa makopo na waya, na ng'ombe kwa udongo. Huyo tayari ni fundi. Itakuwa hasara kubwa ikiwa siku ya kwanza ya shule tutamwambia aweke ufundi wake chini, akunje mikono, aitikie a, e, i, o, u kutwa nzima.

Napendekeza mambo matatu yanayoweza kufanywa kwa kishikwambi kimoja tu cha mwalimu, bila intaneti.

Jambo la kwanza ni hadithi. Watoto wakae duara, kila mmoja aongeze sentensi yake katika hadithi ya mvuvi au ya fisi, na mwalimu arekodi sauti zao. Kisha waisikilize, na mwalimu aulize: mvuvi asingerudi siku ile, ingekuwaje? Watunge mwisho mwingine. Mtoto anayesikia maneno yake mwenyewe yakisikilizwa na darasa zima hujua kuwa mawazo yake yana thamani.

Jambo la pili ni picha. Watoto wafinyange mtumbwi kwa udongo. Mwalimu aupige picha, mtoto ausogeze kidogo, upigwe picha tena, na kuendelea hivyo mara ishirini au thelathini. Picha hizo zikipitishwa kwa haraka, mtumbwi utaonekana unakwenda. Hapo watoto wamefanya sinema kwa mikono yao, na wamejifunza kuhesabu, kupanga na kusubiri zamu.

Jambo la tatu ni sauti. Mwalimu akusanye milio ya mtaani: wimbi, kengele ya baiskeli, kinu, mvua juu ya bati. Watoto wategeane vitendawili kwa milio hiyo, kisha wabuni yao.

Hata vipindi vizuri vya televisheni, kama Akili and Me kinachotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, vichukuliwe kuwa mwanzo wa kazi. Kipindi kikiisha, watoto waulizwe: huyo Akili angefika Igogo, angeona nini? Wachore. Na muda uwe mfupi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, na muda pungufu ya huo ni bora zaidi.

Najua walimu watasema: darasa lina watoto wengi mno. Ni kweli, na shida hiyo haiondolewi na hotuba. Lakini darasa kubwa laweza kugawanywa makundi, kundi moja likiwa kwenye kishikwambi, mengine kwenye udongo, vizibo na uchoraji. Najua pia mzazi atauliza kwa nini daftari halina maandishi. Mzazi huyo ana haki ya kujibiwa. Aitwe, asikilizishwe hadithi aliyotunga mwanawe.

Kwenu Ndugu watumishi mnaokagua shule, naomba neno moja. Msihesabu kurasa tu. Mwalimu akijua kwamba atapimwa kwa wingi wa kurasa, atawapa watoto kurasa, na ubunifu utakufa kwa amri yetu sisi wenyewe. Ombeni kuona na kusikia walichotunga watoto. Aidha, picha na sauti za watoto zisisambazwe ovyo katika makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yamhusu mtoto pia, na mzazi aombwe ridhaa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuitumia methali hii kwa habari ya nidhamu peke yake. Lakini akili nayo hukunjwa ingali mbichi. Ikikunjwa kuelekea kukariri, tutapata vijana wanaongoja kuamriwa, na vyombo vya kisasa vitatumiwa na wengine kuwaamuru. Ikikunjwa kuelekea kubuni, vijana hao ndio watakaoviamuru vyombo.

Basi tukubaliane leo: kabla ya muhula huu kwisha, kila darasa la awali hapa Igogo liwe na hadithi moja iliyotungwa na watoto wenyewe, na wazazi waalikwe kuisikiliza. Jambo hilo halihitaji fedha mpya wala kibali kipya. Lahitaji mwalimu aliye tayari kunyamaza kidogo ili mtoto aseme.