Mwimbaji Aliyewanyima Wakubwa Dhamiri Yake



Tunamkumbuka Pete Seeger wa Marekani, mwimbaji wa nyimbo za wananchi, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki Januari 2014. Waliomzidi kwa utamu wa sauti walikuwa wengi. Sisi twamkumbuka kwa sababu aliujua mpaka wa mamlaka.

Agosti 1955, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowaandama walioshukiwa kuwa Wakomunisti. Aliulizwa alikuwa mfuasi wa chama gani na aliwaimbia akina nani. Katiba ilimruhusu kunyamaza kwa kudai haki ya kutojitia hatiani. Hakuitumia njia hiyo. Alisema waziwazi kwamba imani yake, siasa yake na kura yake si mambo ya Mmarekani yeyote kuulizwa kwa kulazimishwa.

Wahenga walinena, mwenye nguvu mpishe. Seeger hakupisha. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kulidharau Bunge. Mwaka 1962 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hata hivyo, kwa miaka mingi vituo vikubwa vya televisheni vilimfungia milango. Naye akaenda kuimba mashuleni na vyuoni, akiwafundisha vijana kuitikia.

Hata wimbo "We Shall Overcome" hakujidai kuwa ni wake. Chimbuko lake ni makanisa ya Wamarekani Weusi. Wafanyakazi wa tumbaku wa Charleston waliuimba katika mgomo wa 1945 na 1946. Zilphia Horton wa shule ya Highlander akaupokea kwao, na Seeger akaupokea kwa Zilphia. Mwaka 1957 aliuimba Highlander, Martin Luther King akiwapo. Mapato ya wimbo huo yakatengwa kuzisaidia jamii za Weusi wa Kusini.

Januari 2009, akiwa na miaka 89, aliimba Washington katika tamasha la kuapishwa kwa Barack Obama, mwana wa Mkenya. Aliutajia umati maneno, umati ukaimba.

Huo ndio urithi wetu. Tukilazimishwa kuwataja wenzetu, tukatae mchana kweupe, wala tusijifiche. Tukijaliwa wimbo, tuwape watu wote, kwani mwimbaji mmoja hufungiwa mlango, bali taifa linaloimba halifungiki.