Mshipa Usingojwe Hadi Upasuke

Mkulima wa Ibanda, wilayani Kasese, aweza kupanda na kushuka vilima vya Rwenzori akijiona mzima, kumbe mshipa mkuu wa damu tumboni mwake umedhoofika na kutuna. Maradhi hayo hayapigi hodi. Mara nyingi dalili ya kwanza ni maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, mshipa unapopasuka.

Hapo umbali huwa adui. Kutoka Bwera, mpakani na Kongo, hadi Kampala iliko Taasisi ya Moyo ya Uganda ni zaidi ya kilometa 350. Mshipa uliopasuka haungoji gari.

Uvimbe ukigunduliwa mapema, mambo huwa mengine. Mwanasayansi Albert Einstein alipasuliwa kwa ajili yake mwaka 1948, akaishi hadi mwaka 1955 ulipopasuka. Siku hizi picha ya mawimbi ya sauti, isiyo na maumivu, hupima upana wa mshipa. Kwa mwanamume, ukiwa chini ya sentimita 5.5, kwa kawaida hufuatiliwa kwa vipimo. Ukifikia kiasi hicho, upasuaji hufikiriwa.

Ndugu wananchi, wazee wanaovuta tumbaku, hasa wanaume waliopita miaka 65, na wenye jamaa wa damu aliyepata uvimbe huo, waende wakapimwe. Tumbaku iachwe, na shinikizo la damu litibiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mshipa ukishapasuka, mara nyingi hata nafasi ya kujenga haipatikani.