Mgombea Mwenza Si wa Kujazia Nafasi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama na vijana wa chama mjini Tanga.)



Tumeombwa kusema juu ya haki katika kuchagua wagombea wenza. Neno hili lazungumzwa sana vibarazani. Watu wa Ngamiani wana lao, watu wa Pangani wana lao, wa Lushoto nao wasema milima imesahauliwa. Kila mmoja aona kwamba haki ni mtu wa kwao kutajwa. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuanze mbali kidogo, kwenye mchezo wa jimnastiki. Msicheke, ndugu zetu. Mlio walimu mwajua kwamba mazoezi ya viungo ni somo, na mliolelewa karibu na bahari mmewaona watoto wa Raskazone wakipinduka hewani na kutua kwa miguu miwili mchangani, bila mwalimu wala godoro.

Mpira wa miguu hauna taabu kubwa ya hukumu. Mpira ukiingia wavuni umeingia, ingawa hapa Mkwakwani watu wa Coastal na watu wa African Sports watabishana hata juu ya hilo. Mbio nazo zina saa na utepe. Lakini jimnastiki haina goli wala utepe. Msichana hupanda juu ya boriti nyembamba, hupinduka, hushuka, kisha husimama kungoja watu waliokaa mezani waseme amepata ngapi. Heshima yake yote imo mikononi mwa waamuzi. Zamani alama ya juu ilikuwa kumi. Nadia Comăneci wa Romania aliipata huko Montreal mwaka 1976, na ubao wa alama ukaandika 1.00 kwa kuwa haukutengenezwa kuonyesha kumi. (Sisi hatukuwapo Montreal. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilikataa kwenda kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza na Makaburu, na Filbert Bayi wetu akakosa mbio zake. Hiyo nayo ilikuwa hukumu ya haki, na tuliilipia.) Tangu 2006 kumi hiyo imeondolewa: sasa huhesabiwa ugumu wa zoezi mbali, na usafi wa kulifanya mbali.

Sasa sikilizeni kisa cha London, mwaka 2012. Jordyn Wieber wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2011. Katika mchujo wa kumtafuta bingwa wa vyombo vyote alitoka wa nne kati ya wasichana wote waliokuja. Fainali ina nafasi 24. Wa nne hakuingia. Kwa nini? Kwa sababu wenzake wawili wa Marekani, Raisman na Douglas, walikuwa mbele yake, na sheria yasema nchi moja isipeleke fainali zaidi ya watu wawili. Wasichana waliopata alama chini yake wakaingia, yeye akabaki nje analia. Huyo Douglas aliyemtangulia akatwaa dhahabu.

Je, hiyo ni haki? Tumeuliza swali hili katika matawi kadhaa, na kila mara mkutano hugawanyika. Wengine wasema ni dhuluma tupu, aliyeshinda ameshinda. Wengine wasema bila sheria ile fainali ingekuwa ya nchi tatu au nne tajiri zenye kumbi na makocha, na mtoto wa nchi ndogo asingeonekana kamwe. Sisi twaona wote wawili wana neno la kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Sheria ile inamnyima mtu mmoja ili iwafungulie wengi mlango. Inavumilika kwa sababu mbili: ilijulikana kabla mchezo haujaanza, na inamkata Mmarekani kama inavyomkata Mrusi na Mchina.

Rudini nyumbani. Katiba yetu, ibara ya 47, ina sheria ya namna hiyo hiyo. Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake lazima atoke upande wa pili. Wawili hao hupigiwa kura moja. Huwezi kumchukua huyu ukamwacha yule. Utaratibu huu uliletwa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1994 na ukatumika mara ya kwanza 1995, Benjamin Mkapa alipogombea pamoja na Dakta Omar Ali Juma. Zamani Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa cheo chake. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, watu wakauliza: itakuwaje Rais wa Muungano akiwa wa chama hiki na Rais wa Zanzibar akiwa wa chama kile? Jibu likawa mgombea mwenza. Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba hawakulipenda jibu hilo, wakaona kiti chao kimehamishwa, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Lakini sheria ilitangazwa, nayo inavikata vyama vyote sawasawa.

Basi mtu wa Tanga aliye hodari, akitaka kuwa mgombea mwenza wa mtu wa Mwanza, atakataliwa hata kama amewapita wote. Yeye ni Wieber wetu. Wala asinung'unike sana. Muungano wa nchi mbili, moja kubwa na moja ndogo, hauwezi kudumu ikiwa kubwa yakalia viti vyote kwa hoja kwamba ina watu wengi wenye sifa.

Lakini hapa ndipo tunapotaka kukaa, maana hapa ndipo udanganyifu unapoanzia. Sheria ya wawili kwa nchi haisemi kwamba ukitoka nchi ndogo utapewa medali. Yasema utafunguliwa mlango. Ukishaingia, boriti ni ile ile. Kwetu sisi watu husahau nusu hiyo ya pili. Wakishasema mwenza atoke upande fulani, au awe mwanamke, au awe kijana, hufunga daftari na kwenda kunywa chai. Humtafuta mtu wa kutimiza sharti, wala hawaulizi anaweza nini. Mtu wa namna hiyo ni wa kujazia nafasi, naye mwenyewe adhulumiwa, kwa kuwa hata akiwa hodari watu watasema aliletwa kwa pahali alipozaliwa.

Wazee wetu waliujua mtego huu. Mwaka 1958 Serikali ya Mwingereza iliwaletea kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mzungu na cha Mwasia, na kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Akiacha nafasi moja, karatasi yake yaharibika. Tena kupiga kura kwenyewe kulitaka kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi maalumu iliyotajwa. Mkata mkonge wa mashamba yetu, ambaye ujira wake haukukaribia hapo, akabaki nje ya mlango. Sheria hii haikufanana na ile ya jimnastiki. Iliwapa watu wachache sana viti sawa na mamilioni, na iliandikwa na upande mmoja peke yake.

Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulichemka. Wengi walitaka kususa. Zuberi Mtemvu akaona kukubali ni fedheha, akatoka na kuunda chama chake cha Congress. Tusimdharau kwa hilo. Hasira yake ilikuwa na sababu. Lakini Mwalimu Nyerere na wenzake walisema: tukisusa, chama cha UTP kitavichukua viti vyote na Gavana atasema nchi imeamua. Wakaingia. Na walipoingia hawakuokota Mzungu yeyote na Mhindi yeyote ili kujaza karatasi. Waliuliza swali moja: mtu huyu ataka uhuru wa Tanganyika, ama hautaki? Wakati ule TANU ilikuwa ya Waafrika peke yao, kwa hiyo wenza hao hawakuwa hata wanachama. Majirani zetu wa Jimbo la Kaskazini wakawapata Bibi Sophia Mustafa na Bwana Derek Bryceson. Jimbo la Mashariki likampata Amir Jamal. Nyanda za Juu za Kusini zikampata Lady Chesham. Tanga ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kupiga kura Septemba 1958, mengine yakafuata Februari 1959, na waliokubaliwa na TANU wakafagia. Jamal na Bryceson walitumika baadaye kama mawaziri wa nchi huru. Kura tatu zenyewe zikaondoka katika uchaguzi wa 1960. Sheria ilikuwa mbaya, lakini walioitumia walipima watu.

Mtauliza, kuna hasara gani mwenza akiwa wa kujazia tu? Mwaka 2005 nchi ilipata jibu la kwanza. Siku chache kabla ya kura ya tarehe 30 Oktoba, mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki dunia. Uchaguzi wa Muungano ukasimamishwa nchi nzima mpaka tarehe 14 Desemba. Watu walishangaa, hata wengine wakakasirika. Lakini sheria ilisema kweli: mwenza ni nusu ya mgombea.

Jibu la pili lilitufika hapa hapa Tanga. Machi 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa katika ziara ya mkoa wetu. Usiku wa tarehe 17 alitangaza kwa televisheni kwamba Rais Magufuli amefariki. Tarehe 19 akaapishwa kuwa Rais, kwa muda wote uliobaki, kama Katiba isemavyo, bila kura mpya. Alikuwa amesimama kama mwenza mara mbili, 2015 na 2020. Ni wangapi kati yetu, mwaka 2015, tulipokuwa tukitazama karatasi ile yenye picha mbili, tulimtazama huyo wa pili kwa macho ya mtu anayechagua Rais? Tulisema ni mwanamke, ni Mzanzibari, mizani imekaa sawa. Hatukuuliza zaidi. Mtu aweza kuupenda utawala uliofuata au kuupinga, hilo si neno la leo. Neno la leo ni kwamba siku ile ya kupiga kura tulichagua marais wawili, na wengi hatukujua.

Wenzetu wa Kenya walijaribu njia nyingine mwaka 2022. Muungano wa Azimio uliweka jopo chini ya Noah Wekesa, wakawaita waliotaka kuwa mwenza wa Raila Odinga wahojiwe. Hassan Joho wa Mombasa alikwenda. Kalonzo Musyoka kwanza aliona ni kudharauliwa, kisha naye akaenda. Mwishowe akachaguliwa Martha Karua. Wakashindwa, ni kweli. Lakini kushindwa hakukuwa kwa sababu ya kuhoji. Walioshinda, William Ruto na Rigathi Gachagua, hawakufika mbali pamoja: Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa Gachagua, na Kithure Kindiki akashika nafasi yake. Twapenda ile habari ya jopo. Mtu mkubwa kukaa kitini na kuulizwa maswali si aibu. Wasichana wa miaka kumi na sita hufanya hivyo juu ya boriti mbele ya dunia nzima.

Na waamuzi nao watazamwe. Huko Sydney, mwaka 2000, farasi wa kurukia aliwekwa chini kwa sentimita tano kuliko kipimo. Wasichana hodari wakaanguka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani kosa ni lake, mpaka Allana Slater wa Australia aliposema chombo hiki si sawa. Kikapimwa, wakaona kweli, walioruka wakaruhusiwa kuruka tena. Lakini Svetlana Khorkina alikuwa ameshavunjika moyo na kuanguka tena katika vyuma. Katika kura za maoni za kwetu farasi hushushwa kwa bahasha, kwa pilau la usiku, kwa orodha ya wajumbe inayobadilika kati ya magharibi na alfajiri. Mahakama Kuu iliitupa takrima mwaka 2006. Jina lilikufa, pilau bado lapikwa.

Tena pingamizi iwe na wakati wake. Huko Athens, 2004, Yang Tae-young wa Korea alipunjwa sehemu moja ya kumi kwa kosa la waamuzi, akapata shaba, na kati yake na dhahabu ya Paul Hamm palikuwa na 0.049 tu. Waamuzi watatu walisimamishwa kazi. Medali haikuhama, kwa kuwa lalamiko lilichelewa. Wanachama wetu hupenda kunung'unika wiki mbili baada ya jina kutangazwa, tena barazani, si kwa maandishi.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu mbele ya matawi. Masharti ya pahali, ya jinsia na ya umri yaandikwe na kubandikwa ukutani kabla jina la kwanza halijatajwa, wala yasizuliwe baadaye ili kumziba mtu. Kila anayependekezwa kuwa msaidizi wa mtu, awe makamu mwenyekiti wa tawi au mgombea mwenza wa nchi, asimame mbele ya wajumbe peke yake, yule mkubwa wake akiwa nje ya chumba, aulizwe: kesho mwenzako asipokuwapo, utafanya nini katika siku saba za kwanza? Ajibu kwa mdomo wake. Anayetaka kupinga aandike siku ile ile, katibu aandike saa aliyoipokea.

Karatasi ya maswali iko kwa katibu, nakala zipo za kutosha kwa matawi ya mjini. Ndugu wa Mkinga na Pangani wasiondoke kabla hawajachukua zao. Ndugu Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali, na twaomba akina mama waanze.