Mashine Inahesabu, Keshia Anahakiki: Mafunzo ya Kaunta Jana na Leo



Kabla ya kufundisha nilikaa kaunta miaka mingi. Hoja yangu leo ni moja: kila mashine iliyofika dukani ilimpunguzia keshia kazi ya kuhesabu na kumwongezea kazi ya kuhakiki. Mafunzo yetu, kwa bahati mbaya, bado yanaishia kwenye vitufe.

1. Enzi ya droo na daftari

Rejesta ya kwanza ilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Marekani, aliyechoshwa na wahudumu waliomwibia mauzo. Lakini mimi nilianzia kwenye droo ya mbao na daftari. Aliyenifundisha hakunipa kitabu. Alinisimamisha pembeni yake nisikilize. Mteja wa shilingi 6,350 akitoa noti ya 10,000, chenji ilihesabiwa kwa sauti kuanzia bei: sarafu ya 50, "mia nne", ya 100, "mia tano", noti ya 500, "elfu saba", ya 1,000, "elfu nane", ya 2,000, "elfu kumi, ahsante." Noti ya mteja ilibaki juu ya meza mpaka aridhike. Hivyo hesabu ilikuwa na mashahidi wawili.

2. Enzi ya msimbo pau

Tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ilikuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbo pau. Teknolojia hiyo ilipofika kwetu, mafunzo ya wiki kadhaa yakawa ya siku mbili. Hapo tukapoteza kitu. Nikiwauliza wanafunzi wangu bei iko wapi, wengi hunionyesha ile mistari myeusi. Mistari hubeba namba tu; bei imo kwenye kompyuta ya duka. Asiyejua hilo, rafu ikisema 2,500 na skrini 2,800, hubishana na mteja badala ya kumwita msimamizi arekebishe bei.

3. Enzi ya EFD na simu

Mwaka 2008 huduma ya malipo kwa simu ya M-Pesa ilianza Tanzania, na mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato (TRA) ikaanzisha mashine za risiti za kodi (EFD). Keshia akawa pia mlango wa kodi: risiti asiyoitoa ni kosa kisheria. Akawa pia mlinzi wa malipo asiyoyashika mkononi. Kijana mmoja niliyemfundisha alionyeshwa meseji ya malipo kwenye simu ya mteja, akaruhusu mzigo utoke. Jioni wakati wa kufunga hesabu fedha hazikuonekana kwenye simu ya duka. Shoti ile ilikatwa kwenye mshahara wake. Alijua kubonyeza kila kitufe, ila hakuna aliyemwambia kwamba ushahidi wa malipo ni simu ya duka peke yake. Kosa lile nalihesabu kuwa langu.

4. Mapendekezo

Kwanza, turudishe chenji ya kuhesabu kwa sauti, hata pale skrini inapoonyesha jibu. Mashine haijui kama mkono umetoa noti mbili zilizogandana.

Pili, kila mafunzo yawe na saa moja ya mashine kuzimwa: umeme umekatika, mtandao umegoma, foleni ni ndefu. Keshia aoneshwe nani wa kumwita, bei aitoe wapi, na mauzo ayaandike vipi ili yaingizwe mashine ikirudi.

Tatu, keshia aelezwe sababu ya kila hatua. Vitufe hubadilika kila programu mpya inapoletwa. Anayeelewa sababu atajifunza vipya kwa siku moja.

Nne, asikatwe mshahara kwa kosa ambalo duka halikumfundisha kulikwepa.

Kijana tunayemweka kaunta anashika fedha za tajiri, kodi ya nchi na imani ya mteja kwa wakati mmoja. Mafunzo ya siku mbili hayamtoshi.